Bakuli la Kwenda Chuoni

Mtu akiniuliza mtoto mdogo afungiwe chakula gani cha kwenda nacho chuoni kusoma Kurani, humwambia akaulize kwingine. Kwa miezi mitatu mizima nilimfungia mtoto wa mwenzangu vyakula vizuri kuliko vyote nilivyopata kupika, na kwa miezi hiyo hiyo mitatu alikonda mbele ya macho yangu. Wanawake wakisikia hivyo hucheka. Siku hizi nami hucheka nao. Wakati ule nilikuwa nikilia, tena kwa hasira, maana hasira zangu ziko karibu, na machozi yangu yako karibu zaidi.

Ilikuwa miaka ya Vita Vikuu vya Pili. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, nikikaa Mishomoroni katika nyumba ya makuti yenye vyumba viwili, mimi na mtoto wa kike wa miaka saba ambaye sikumzaa. Mama yake alikuwa amefariki. Baba yake alinioa kutoka Rabai mwaka uliofuata, nikasilimu, tukakaa pamoja miezi mitano, kisha akaandikwa udereva wa malori ya jeshi akapelekwa kaskazini. Aliniachia ufunguo wa kasha, mbuzi mmoja, na mtoto. Mbuzi alinizoea upesi.

Mtoto alikuwa na adabu ya kuumiza. Nikimwita huitika "Abee" papo hapo, huja akasimama mbele yangu, nikimtuma huenda, akirudi hunyamaza. Akitaka jambo alisimama mlangoni mpaka nigeuke nimwone. Jirani wa karibu alikuwa upande wa pili wa shamba la minazi, na wanawake wa pale waliniita "yule wa Rabai", si kwa ubaya, lakini si kwa mapenzi pia. Zilikuwako siku ambazo tangu kupambazuka hadi jioni sikuelekezewa neno na binadamu yeyote isipokuwa hilo "Abee". Nilikuwa mpweke, na sikujua kwamba upweke unaweza kumshika mtu mwenye mtoto ndani ya nyumba.

Kabla ya kuondoka, mume wangu alipatana na shemeji yake, dada mkubwa wa marehemu, aliyekaa Likoni. Mapatano yenyewe yalikuwa mafupi. Mtoto atakaa nami maadamu ananawiri; akidhoofika, mama yake mkubwa atamchukua, na hakuna wa kumzuia, kwa sababu mtoto wa kike aliyefiwa na mama ni wa watu wa upande wa mama. Basi kila mwezi yule mama alitoka Likoni, akavuka kwa feri, akakatiza kisiwa, akavuka daraja la Nyali, akaja mpaka Mishomoroni kuutazama mkono wa mpwa wake. Nasema mkono kwa sababu ndio aliokuwa akiupima. Aliuzungushia kidole gumba na cha kati juu ya kiwiko, kama anunuaye kuku, kisha akanywa kahawa yangu, akasema, "Haya, inshallah," akaenda zake.

Nilimtaka mtoto yule abaki. Mwanzoni ilikuwa kwa sababu bila yeye nyumba ingekuwa mimi na mbuzi. Baadaye sijui. Nilianza kujua hatua zake njiani kabla sijamwona, na nikizisikia nilijikuta nimekwisha kusimama.

Chuo alichosoma kilikuwa Kisauni, barazani kwa mwalimu mmoja wa kike, mtu mzima sana, aliyesomesha watoto Kurani tangu baba wa mtoto huyu hajazaliwa. Kwa miguu midogo ni mwendo wa saa nzima. Akiondoka asubuhi harudi hadi baada ya alasiri, kwa hiyo ilikuwa lazima achukue cha kula adhuhuri. Wenzake walichukua walichopewa: muhogo wa kuchoma uliofungwa kwa jani la mgomba, sima iliyolala, ndizi mbili. Mimi nikaona hapana. Mtoto wa kambo akionekana na muhogo wa jana, nani atajisumbua kutazama kwamba wenzake wote wana muhogo wa jana? Watasema yule wa Rabai amnyima mtoto.

Nikatoa bakuli langu la arusi, la bati, lenye maua mekundu ubavuni. Nikalifunika kwa kawa mpya ya ukindu, ile wanayofunikia chakula cha wageni, kisha nikalifunga lote ndani ya kitambaa cheupe nilichokifua na kukipiga pasi. Mtoto alipolitia kichwani nikasimama njiani kumtazama akienda mpaka akapotea kwenye minazi. Nilijisifu. Kila aliyepishana naye angeona kwamba mtoto huyu ana mtu.

Mchele na sukari siku zile vilikuwa kwa kipimo, na foleni ya dukani ilimchosha mtu kabla hajafika mbele. Vyote nilivyopata nilivitia katika bakuli. Nilimfanyia mkate wa kumimina, nikamfanyia kaimati, nikamkaangia tambi za sukari. Jioni tulikula muhogo na mchicha, au chai ya rangi tu na kipande cha muhogo, nami nikijiambia si neno, mchana amekula vya arusi.

Na bakuli lilirudi tupu! Kila siku tupu, limefutwa, kitambaa kimekunjwa pande nne. Namuuliza, "Umekula?" Anajibu, "Alhamdulillahi." Mama yeyote aliyewahi kufungua mfuko wa mtoto akakuta chakula kile kile alichokitia asubuhi, kimechacha, anajua furaha yangu ilikuwa ya namna gani.

Baada ya wiki mbili alikuja akasimama mlangoni. Nikageuka. Akasema, "Kesho tia mbaazi za nazi."

Tangu nilipoingia nyumba ile hakuwa ameniomba kitu. Hata maji alijitekea. Nilijizuia nisiruke. Nikamwambia, "Mbaazi? Haya," kama mtu aliyezoea kuombwa, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikacheka peke yangu nikishika mdomo. Mbaazi za nazi si chakula cha kufunga kwenda nacho mbali, tui huchacha kabla ya adhuhuri, lakini niliamka alfajiri nikazipika zifike zikiwa moto. Wiki iliyofuata aliomba kaimati zenye iliki nyingi. Kisha, siku moja, akaomba papa mkavu wa nazi, na ndani yake nimtilie pilipili mbichi, nzima nzima, tatu.

Mtoto gani wa miaka saba hula papa mkavu kwa pilipili mbichi tatu? Mtu mwenye akili angekaa akajiuliza. Mimi nilijiambia ana ulimi wa kiutu uzima, nikaenda Kongowea kwa miguu kutafuta papa.

Huku nyuma mkono ulikuwa ukipungua. Niliuona nilipokuwa nikimwogesha, nikajifanya sijauona. Mama yake mkubwa hakujifanya. Mwezi wa pili vidole vyake vilikutana. Mwezi wa tatu vilipitana.

"Huyu yuwala nini?" akaniuliza.

Nikamhesabia. Nilisema kwa sauti ya juu, kwa sababu nilikuwa nimeudhika: mkate wa kumimina, mbaazi, kaimati, papa. Nikamtolea lile bakuli nikamwonyesha. Alinitazama, akalitazama bakuli, akamtazama mtoto ambaye shingo yake ilikuwa imekuwa nyembamba kama kikonyo cha embe.

"Na vyote hivyo vyaingia wapi?" akasema. "Mimi sikuiti mwongo, dada. Nakupa mwezi mmoja. Nikija tena nikimkuta hivi, nguo zake ziwe zimefungwa."

Nikadhani ni minyoo. Nikamchemshia mwarobaini, nikamnywesha asubuhi tatu mfululizo, akaunywa wote bila kukunja uso, akasema ahsante. Nikaongeza chakula katika bakuli hata kawa ikawa haikai sawa. Mkono haukuongezeka.

Hapo ndipo alipokuja mlangoni akaomba tambuu.

Nilidhani sikusikia vizuri. "Nini?"

"Tambuu. Yenye karafuu. Tia juu ya chakula, pembeni."

Mtoto wa miaka saba, tambuu! Damu ilinipanda. Mwalimu wake alikuwa mtafunaji, midomo myekundu, nilikuwa nimemwona arusini. Nikaona sasa nimeelewa yote. Bibi kizee yule anakula chakula cha mtoto, na sasa hana haya, anaagiza na tambuu ya kushushia. Siku ya pili nilimfungia mtoto bakuli lake, nikamwacha atangulie, na jua lilipokaribia utosini nikajitanda buibui nikamfuata Kisauni. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nilikuwa nayo mazuri sana, mengine ya Kirabai, maana matusi ya kwetu yana uzito zaidi.

Nilifika wakati vitabu vinafungwa. Watoto walikuwa thelathini hivi, wameketi mkekani. Bakuli langu lilikuwa katikati, limefunuliwa, kawa pembeni, na mtoto wangu ameketi mbele yake, mgongo wima, kama bi arusi. Mwalimu aliinua mikono. Watoto wote wakainua mikono. Wakasoma Fatiha kwa pamoja, sauti moja, kisha mwalimu akamwombea marehemu, mama wa mtoto huyu, Mungu amrehemu, Mungu aliangaze kaburi lake, nao wakaitikia "Amin" kwa kila neno, wale wadogo wakipiga kelele kuliko wakubwa. Halafu bakuli likapita. Kila mtoto tonge moja. Lilipomfikia mwenyewe, naye alichukua tonge moja, dogo. Likaendelea. Lilipokwisha, akalifuta.

Kisha wenzake wakafungua majani yao ya mgomba wakaanza kula mihogo yao. Aliye karibu naye akamwambia karibu. Akajibu, "Starehe," kama mtu mzima aliyeshiba, akakaa akiwatazama.

Maneno yangu yote yalinitoka kichwani. Mwalimu aliniona nimesimama nje ya baraza.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu! Ndoo, ndoo ukae." Alinivuta mkono akaniketisha. Macho yake yalikuwa na maji. "Wallahi nilikuwa nataka kukuona. Mimi nimesomesha miaka mingi, sijaona mke aliyeolewa baada ya marehemu akamfanyia marehemu kama haya. Watu humtolea mtu sadaka siku ya arubaini, au Alhamisi moja moja mtu akikumbuka. Wewe kila siku! Na kwa vyakula alivyovipenda mwenyewe! Siku ya kwanza huyu mtoto kuja na bakuli lenye kawa na kitambaa cheupe, nikasema, huyu aliyelituma ana moyo. Kisauni yote yakutaja."

Sasa nieleweke. Mimi nilikuwa mwaka mmoja tu katika desturi zile. Sikujua kwamba mtoto aliyefiwa akija chuoni na chakula kizuri kilichofunikwa kwa kawa na kufungwa kwa kitambaa cheupe, hakuna haja ya mtu kuuliza: ni sadaka ya maiti wake, huliwa na wanachuo wote, naye maiti huombewa. Kila mtu wa pale alilijua hilo tangu kuzaliwa. Ningemfungia muhogo kwa jani la mgomba, mtoto angeula akashiba. Kilichomnyima chakula kilikuwa ile kawa, na ile pasi niliyopiga kwenye kitambaa, na kile kiburi changu cha kutaka kuonekana.

Nilifungua kinywa niseme kwamba si sadaka, ni chakula cha mtoto. Mtoto akanitazama. Nilizoea kutazamwa na macho yake kama mtu anavyotazamwa na mgeni. Siku ile aliniangalia kwa fahari. Nilifunga kinywa changu. Nikamwambia mwalimu, "Amin."

Tulirudi pamoja. Alibeba bakuli tupu, mimi nikibeba kitambaa. Tulipopita nyumba za mwisho nikamuuliza, "Mama yako alipenda papa?"

"Kwa pilipili tatu," akasema. "Baba alikuwa akimcheka."

"Na tambuu?"

"Ijumaa tu. Akitema mate mekundu mchangani, nami nikiyaruka." Kisha maneno yakamtoka kwa wingi, wingi ambao sikuwahi kuusikia kwake: mama yake akila mbaazi alifyonza mchuzi kwanza, na kaimati alitaka zenye iliki, zisizo na iliki aliita mawe. "Wampelekea kila siku," akaniambia. "Nilidhani utachoka."

Moyo uliniuma, sitaficha. Niliumia kwa wivu. Miezi mitatu nilikuwa nikiamka alfajiri kumpikia mwanamke mwingine, na nikicheka nyuma ya nyumba kwa furaha ya kuombwa chakula na maiti. Niliona haya pia kwa kuona wivu huo, maana mtu mwenyewe yuko chini ya mchanga na mimi ndiye ninayelala kitandani kwake.

"Sitachoka," nikasema. "Lakini tutampelekea Alhamisi, ndiyo siku yao. Siku nyingine utachukua chako wewe, ule wewe. Wapenda nini?"

Alifikiri mwendo mrefu. Nadhani hakuna aliyemuuliza swali hilo tangu mama yake afariki, na mimi nikiwa mmoja wa wasiouliza.

"Ukoko," akasema.

"Ukoko upi?"

"Ule unaokula jikoni."

Kweli nilikuwa nikila ukoko jikoni. Jioni zile tulizopata sima, nilimpakulia yeye ulaini wote, na kilichoganda chini ya chungu nilikikwangua nikakila nimesimama, nikimpa mlango mgongo, kwa sababu niliona aibu kuonekana. Kumbe alikuwa akiniona. Kumbe alikuwa akitamani.

"Ukila ukoko mvua itanyesha siku ya arusi yako," nikamwambia, maana ndivyo watoto wanavyotishwa.

"Na inyeshe," akasema.

Basi nikaanza kumfungia ukoko. Nilijifunza kuuchoma makusudi: sima ikiiva naiacha juu ya makaa, naipunguzia moto, nainyunyizia tui na chumvi pembeni, unabanduka mzima, mwekundu, mkavu. Nilimkatia na vipande vya nazi, na ndizi moja, nikafunga kwa jani la mgomba kama watu wote. Ni chakula bora cha kufungia mtoto. Hakimwagiki, hakichachi, hupiga kelele mdomoni, na hakuna mwalimu wa kukisomea. Jani lilirudi limelambwa. Jioni alikula tena, nami sasa nilikuwa na mchele wa kumpa jioni kwa kuwa bakuli lilikwenda Alhamisi tu. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa akinisimulia njia nzima ya kwenda kisimani, na mkono wake ulikuwa umejaa.

Mama yake mkubwa alipokuja nilimsukumia mtoto mbele kwa kiburi. Vidole havikukutana. Nikangoja nisifiwe.

Aliketi, akasukuma kikombe cha kahawa mbali.

"Nimepita Kisauni," akasema. "Nimewasikia wanawake. Wamenambia ile sadaka ya dada yangu iliyokuwa ikitolewa kila siku, imekatwa, imebaki Alhamisi tu. Hilo si neno, mtu hutoa anapoweza. Lakini wamenambia jingine. Wamenambia huyu mtoto huenda chuoni na ukoko. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Ukoko."

"Ndio anaoupenda."

"Ukoko hupewa kuku, dada! Mtoto hapendi ukoko. Mtoto hupewa ukoko, kisha husema aupenda kwa sababu ana adabu. Namjua, mimi nilimfunga nepi. Amenawiri, naona, Mungu ashukuriwe, lakini siwezi kukaa Likoni watu wakinambia mwana wa dada yangu alishwa makwanguo ya chungu."

Nilikuwa na jibu. Jibu lilikuwa fupi na lingeniokoa: kwamba sikuwahi kutoa sadaka hata siku moja, kwamba vile vyakula vyote vilikuwa vya huyu huyu mtoto na havikumfikia kinywani, na kwamba alikonda kwa vyakula vya sifa akanenepa kwa ukoko. Mtoto alikuwa amesimama kando ya kiti changu. Alikuwa akiamini kwamba nilimkumbuka mama yake kila siku kwa miezi mitatu. Ndilo jambo pekee alilonipendea. Ningelisema, ningebaki naye labda, lakini ningebaki na mtoto aliyejua kwamba mama yake aliombewa kwa makosa.

Sikulisema. Nilikwenda chumbani nikamfungia nguo zake. Zilikuwa nguo nne na mtandio. Aliondoka ameshikwa mkono, akigeuka nyuma, nami niliinua mkono kila alipogeuka, mpaka nikawa nimeinua mkono kwa minazi mitupu.

Siku zilizofuata sina la kuzisimulia. Nilikuwa nikipika sima ya mtu mmoja, na sima ya mtu mmoja haifanyi ukoko wa maana. Nilizungumza na mbuzi. Mume wangu aliandikiwa na shemeji yake, akajibu barua kwangu, mistari mitatu, kwamba ameona ni vyema. Hakuuliza ninakula nini. Wakati wa alasiri masikio yangu yalikuwa yakienda njiani yenyewe, nikiyaita hayarudi.

Alhamisi tu ndiyo iliyokuwa na kazi. Nilikuwa nimemwahidi mtoto, basi nililipeleka bakuli mwenyewe Kisauni, lenye kawa na kitambaa cheupe. Mbaazi, kaimati za iliki, papa akipatikana. Nilikaa ukingoni mwa mkeka nikasikiliza wakimwombea yule mwanamke. Nilikuwa nimekwisha kumjua vizuri kuliko mtu yeyote aliye hai katika pande zile. Nikipika nilimweleza habari: papa wa leo ni mdogo, mwenzangu, utanisamehe. Nadhani tungepatana. Tungegombana kwa ajili ya pilipili, lakini tungepatana.

Kama miezi minne ikapita hivyo. Asubuhi moja nilikuwa nafua, nikasikia zile hatua. Nikasimama. Mama yake mkubwa ndiye aliyetangulia, jasho linamtoka, buibui limemwanguka mabegani, amemshika mtoto mkono kama mtu aliyemkamata.

"Hodi haina haja," akasema. "Huyu amekuzika!"

Sikuelewa. Nikamtazama mtoto. Alikuwa amerefuka.

"Kila Alhamisi huniomba ukoko," akasema yule mama. "Nikasema haya, ameuzoea kwako, na aupate. Huuchukua, huufunga kwa kitambaa cheupe, na kuufunika kwa sahani. Nami sina habari. Juzi mwalimu wake wa Likoni akaja kwangu kunipa mkono wa pole. Anambia, 'Mama wa mtoto alikuwa mtu wa ukoko, eh? Watoto wamemwombea sana.' Nikamwambia, dada yangu hakutia ukoko kinywani tangu kuzaliwa! Nikamwita huyu. Nikamuuliza, sadaka hii ni ya mama yupi? Waona alivyonijibu? 'Mama wa Mishomoroni.' Watoto ishirini na kitu, dada, kila Alhamisi, Mungu amrehemu, Mungu aliangaze kaburi lake. Kaburi lako wewe! Na wewe u mzima wafua nguo!"

Nyumbani kwangu hakuwahi kuniita mama.

"Mwambie," akasema mama yake mkubwa. "Mwambie mwenyewe kuwa hujafa. Ni nuksi. Mwambie akome."

Nilichutama mbele ya mtoto. Mikono yangu ilikuwa na sabuni, sikumgusa. "Wajua kuwa mimi ni mzima?"

"Najua," akasema, akashangaa kidogo kwa swali. "Lakini uko mbali. Na mama akiwa mbali hupelekewa vile." Kisha akauliza, "Huupati?"

Nikamwambia naupata. Nikamwambia Alhamisi hufika ungali moto.

"Astaghafirullah," akasema mama yake mkubwa, lakini sauti ilikuwa imemshuka. Akaketi kwenye kizingiti akajifuta uso. Nikawapikia. Tulikula sote watatu kwenye sinia moja, na nilipokwangua chungu yule mama aliomba kipande, akakitafuna bila kusema kama kizuri au kibaya. Baada ya adhuhuri akasimama, akajitanda, kwa sababu njia ilikuwa ndefu na feri haimngoji mtu. Hakusema mtoto abaki, nami sikuomba. Nilijua angekataa, na nilijua kwamba kwake hakosi kitu.

Mlangoni akanigeukia. "Basi nimwambie nini mwalimu? Nimkataze?"

"Usimkataze, dada," nikamwambia. "Waache wanisomee."

Akaniangalia kama anavyoangaliwa mtu mwenye wazimu. Akasema tena kwamba ni nuksi, kwamba mtu mzima haombewi rehema ya maiti, kwamba nitajifupishia umri. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwili mzima, sina homa, sina mtu, na Fatiha zile nilizitaka zote.